Maharage Kwenye Ukanda wa Ruzuku

Mume wangu hajui kukaa. Simsengenyi, nasema nilichokiona kwa miaka thelathini na minne. Siku ya harusi yetu, wageni wakiwa bado wanakula, nilimkuta nyuma ya nyumba ya wazazi wangu amevua koti, amekunja suruali ya suti mpaka magotini, anazibua mfereji. Nikamuuliza, "Wewe, hata leo?" Akanijibu kwamba maji yalikuwa yanaelekea ukutani. Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka, maana mama alikuwa anabaki kwake na mimi ndiye niliyekuwa naondoka naye.

Watu wanamwita Jembe, na wajukuu zake nao wanamwita Babu Jembe, kana kwamba hana jina jingine. Alipopasuliwa goti, daktari alimwambia apumzike wiki sita. Wiki ya pili nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amekalia ndoo iliyogeuzwa, katikati ya mahindi, anapalilia kwa kisu. Akimaliza pale mkono unapofika anaisogeza ndoo mbele, anaendelea. Kisu chenyewe ni changu cha kukatia vitunguu. Nilimsema siku tatu mfululizo, na siku zote tatu alinisikiliza kwa adabu huku akinoa kitu.

Sasa mtu wa namna hiyo, serikali ikaja kumwambia itamlipa asilime.

Mashamba yetu yako kwenye mteremko, na chini yake kuna mto. Kila mvua iliponyesha udongo ulishuka majini, na kule mbele kuna bwawa linalopeleka maji mjini, likawa linajaa matope. Watu wa ofisi ya kilimo wakaja, wakapima hatua thelathini kutoka ukingoni, wakapigilia vigingi vyeupe kaya baada ya kaya. Wakasema kuanzia kwenye kigingi mpaka majini pasiguswe, nyasi ziote zishike udongo. Kila mwaka mkaguzi atakuja, akiona ukanda uko salama, ruzuku inalipwa. Kaya kumi na moja tukasaini. Kikundi kimoja, akaunti moja, na sharti moja ambalo kila mtu alilisikia kwa masikio yake mawili: mmoja akikutwa amelima ndani ya vigingi, kikundi kizima hakipati kitu mwaka huo.

Mimi ndiye katibu. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na mdomo wangu hauogopi mtu. Mwenyekiti ni Mama Pacha, mjane, kaya ya kumi, sisi tukiwa ya tisa. Tumefahamiana tangu mimba zetu za kwanza, tukipeana ndimu za kichefuchefu juu ya ua. Mwaka huu pacha wake, wazaliwa wake wa mwisho, wasichana wote wawili, walipata nafasi chuo cha uuguzi, na chuo kikawapa mpaka mwisho wa mwezi kulipa ada ya kuanzia, la sivyo nafasi wanapewa wengine. Mama Pacha hana ng'ombe wa kuuza wala kaka wa kumkopa. Alikuwa anaitegemea ruzuku, basi. Kila jioni alinipitia kuuliza kitu kilekile: "Katibu, hao watu wanakuja lini?"

Miaka miwili ya mwanzo ukaguzi ulikuwa mchezo wa kuigiza. Mkaguzi wa zamani, bwana mmoja mwenye tumbo la heshima, alisimamisha pikipiki barabarani, akautazama mto kwa mbali kama mtu anayetafuta mvua, akaagiza chai dukani na kugonga mihuri yake kumi na mmoja hapohapo kwenye meza ya mwenye duka. Mwaka huu alistaafu. Jumatatu simu yangu ikaita, sauti ya msichana. "Shikamoo mama. Mimi ndiye mkaguzi mpya. Nakuja Jumatano saa tatu asubuhi. Nitatembea ukanda wote kwa miguu, kaya zote kumi na moja, na naomba wanachama wote wawepo."

Nikamwambia marahaba, karibu sana mwanangu, hakuna shida.

Mchana uleule nikateremka mtoni kukagua kabla ya mkaguzi, nisije nikaaibishwa na mbuzi wa mtu aliyefungwa mahali pasipotakiwa. Kaya ya kwanza mpaka ya nane, safi kabisa. Yetu nilitaka niipite tu, kwani nani ajikague mwenyewe? Nyasi zilikuwa zimenifika kifuani. Ndipo nikaona kinjia. Chembamba, cha mguu mmoja mmoja, kimekanyagwa siku nyingi. Nikakifuata, na katikati ya nyasi nikatokea kwenye uwazi, na mbele yangu yakawa maharage.

Mistari kumi na miwili, imenyooka kama imepigwa kwa rula. Imepaliliwa, haina hata gugu moja la kusingizia. Huko juu kwenye shamba letu halali mvua ilikuwa imetukatalia, mahindi yamejikunja kama karatasi, na hapa chini maharage yamejaa maua meupe yananitazama. Sikuwa na haja ya kuuliza ni kazi ya nani.

Nilimkuta uani anatia mpini kwenye jembe. Nikasimama mbele yake mpaka kivuli changu kikamziba.

"Mzee, umefanya nini kule mtoni?"

Hakuinua kichwa. "Nimepanda kidogo."

"Mistari kumi na miwili ndiyo kidogo?"

"Huko juu pamekauka, mama. Kule chini pana unyevu. Sasa ningeuacha tu?"

"Ndiyo. Ungeuacha. Ndicho tunacholipwa."

Hapo akaweka mpini chini. "Hizo hela mimi nikizila nasikia kama nimeziokota njiani. Mtu mzima nakaa natazama nyasi, mwisho wa mwaka napewa hela. Za nini? Nimefanya nini?"

Damu ikanichemka. Nilimwambia kwamba wako watu kumi ambao hawana shida yoyote na kuokota, na kwamba wale pacha aliowabeba mgongoni walipokuwa na surua watakaa nyumbani kwa sababu mkono wake unawasha. Nilimwambia na mengine ambayo sitayarudia. Jina la pacha niliona kabisa limemwingia.

"Basi kang'oe," nikasema. "Leo hii, kabla jua halijazama."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Yana maua."

"Nimeona kwamba yana maua."

"Maharage yenye maua hayang'olewi, mama." Hakuwa anabisha. Angekuwa anabisha ningemweza. Alikuwa ananieleza jambo ambalo kwake halina upande wa pili. Kisha akaokota mpini wake. "Na hata hivyo hatayaona. Nyasi ni ndefu. Atapita pembeni."

"Huyu amesema anatembea."

"Wote husema hivyo."

Jumanne, jua likichomoza, nikachukua panga na gunia nikashuka mwenyewe. Niliapa kwamba nikimaliza hapo hapatabaki hata jani. Nikainama mstari wa kwanza, nikashika shina la kwanza, nikavuta. Likatoka na mizizi yake yote, na kwenye mizizi vile vinundu vidogo, vimejaa vizuri kweli, na chini ya ua kijiti chembamba cha kijani, ganda la kwanza linaanza kujitokeza. Nimezaliwa na wakulima, baba na mama. Mwaka ambao watu wote wanalia kwa ukame, mimi nimeshika maharage yenye uhai mkononi nayatupa kwenye gunia. Nilikaa pale nimepiga magoti. Kisha, nisikufiche, nikachimba kwa vidole nikalirudisha lile shina ardhini, nikalimwagia maji ya mto kwa kiganja. Nilijitukana njia nzima ya kurudi nyumbani. Na zaidi ya hayo, hata ningeng'oa yote, udongo mbichi ungebaki pale unasema kila kitu.

Nikarudi kwenye makaratasi. Ile fomu wanachama walisaini mbele, hakuna aliyegeuza nyuma, mimi mwenyewe nikiwemo na ukatibu wangu. Nyuma kulikuwa na vipengele vya maandishi madogo, na cha saba nilikisoma mara tatu. Kaya itakayojitaja yenyewe kabla haijapimwa, inaondolewa peke yake, kwa miaka mitano. Kaya itakayogunduliwa na mkaguzi, kikundi chote kinakosa.

Nikampelekea Jembe nikamsomea. "Tukijisema, tunatoka sisi tu. Wengine wanalipwa. Pacha wanakwenda chuo."

"Na tusipojisema, akapita pembeni, tunalipwa wote."

"Na asipopita pembeni?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, "Utasimama mbele ya watu umtangaze mumeo?"

"Nataka ujitangaze mwenyewe."

Alibeba jembe akapanda kule juu, kwenye shamba ambalo halikuwa na kitu cha kulimwa. Mchana kutwa nilisikia chuma kinagonga ardhi kavu. Nilimwonea huruma, na nilitamani nimfuate nimpige na mwiko, vyote kwa pamoja.

Jioni Mama Pacha akaja na barua ya chuo, ameitia kwenye mfuko wa nailoni isichafuke. Alitaka niisome tena, kwa sauti, ingawa anaijua kwa moyo. "Kesho, Katibu," akasema, "kesho napumua." Nikamimina chai. Ningemwambia nini? Mtu amekunyonyeshea mtoto ulipokuwa na homa, unamwambiaje kwamba mumeo amechezea nafasi za mabinti zake kwa mistari kumi na miwili ya maharage? Niliogopa, huo ndio ukweli. Niliogopa asije akaweka kikombe chini, akaondoka, asirudi tena. Nikamwambia maneno ya hali ya hewa. Akaondoka ananishukuru kwa kazi yangu nzuri.

Jumatano saa tatu kamili akafika. Mdogo, mwembamba, amevaa buti za mpira mpaka magotini, tepu imening'inia kiunoni. Kabla hajamaliza kutuamkia, wenzetu walishambatiza jina: Buti.

Kwetu ukaguzi hutembewa na wote. Tulijiwekea utaratibu huo tangu siku ya vigingi, kaya zote zinaandamana kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, ili kesho mtu asije akasema mwenzake alipendelewa. Kwa hiyo tulikuwa msafara. Buti mbele na tepu, Jembe nyuma yake na fimbo yake kwa ajili ya goti, kisha mimi na fomu, kisha wengine. Mama Pacha alikuwa ananipumulia kisogoni.

Kaya ya kwanza, Buti akapima kutoka ukingoni hadi kwenye kigingi, akaingia ndani ya nyasi, akazunguka, akatoka upande wa pili. Hakupita pembeni. Nikatazama shingo ya mume wangu, ikawa haigeuki. "Salama," akasema Buti. Nikatia alama. Kaya ya nne aliona kwato za ng'ombe aliyepita kunywa maji, akauliza ni wa nani, akaandika onyo. Kaya ya sita, kwa fundi seremala, alichutama, akafukunyua kwa kidole akatoa bua la hindi lililooza. Fundi akageuka rangi. Buti akalivunja, akalinusa. "Hili ni la zamani kabla ya vigingi. Salama." Watu wakacheka kicheko cha kuponea, mimi sikucheka nao, maana msichana anayenusa bua hatakosa kuona mistari kumi na miwili.

Ya saba, alama. Ya nane, alama. Buti akakunja tepu.

"Ya tisa ni ya nani?"

Nilikuwa nimejipanga tangu alfajiri. Nilikuwa na maneno yangu kichwani, mafupi, yamepangika. Mdomo wangu usioogopa mtu ukakauka. Jembe akageuka akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiomba. Kwa miaka thelathini na minne mtu huyu hajawahi kuniomba kitu, hata chumvi mezani hujinyanyukia mwenyewe.

"Katibu," Mama Pacha akanigusa bega, "unaulizwa."

Buti alikuwa ameshashika ncha ya tepu, anainama kwenye kigingi chetu.

"Usipime, mwanangu," nikasema. "Ya tisa ni yetu. Kabla hujapima, nakuandikisha kwamba kaya ya tisa imelima ndani ya vigingi. Kipengele cha saba, nyuma ya fomu."

Buti akasimama taratibu, akageuza fomu, akasoma, akanitazama. "Nani amelima, mama?"

Nikafungua mdomo nisijue nasema nani. Jembe akasogea mbele yangu na fimbo yake.

"Mimi. Huyu alikuwa hajui, ameyakuta juzi."

"Na sharti ulilijua, mzee?"

"Nililijua vizuri."

"Sasa kwa nini?"

Alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kumsaidia. "Palikuwa na unyevu," akasema.

Kalamu ya Buti ilisimama hewani. "Sababu hiyo hapa haina mahali pa kuandika."

"Basi andika inayoingia."

Akaandika. Akampa asaini, na mume wangu akasaini polepole, herufi moja moja, kwa mkono uleule unaopiga mstari ulionyooka. "Kaya ya tisa imetoka kwa miaka mitano," Buti akasema. "Kumi zilizobaki zinaendelea." Fundi seremala ndiye aliyeanza. Akasema huyu mtu alikuwa anatumaliza wote. Mwingine akasema na Katibu naye alikuwa anajua, amekaa kimya siku mbili anakunywa chai na watu. Sikujitetea. Nilimtafuta Mama Pacha kwa macho, naye alikuwa anatazama mto.

Kwenda kaya ya kumi hakuna njia nyingine, upande wa juu ni ua wa miiba, lazima upite ndani ya ukanda wetu. Buti akatangulia na buti zake, tukaingia kwenye nyasi, tukatokea kwenye uwazi. Akakatiza moja kwa moja akikanyaga popote, macho yake yako kwenye kigingi cha ng'ambo.

Nyuma yake wakafuata wenzetu, wamevimba kwa hasira, na mimi nikaona miguu yao. Fundi seremala, huku akiendelea kutusema, aliinua mguu akauvusha mstari wa kwanza. Akauvusha wa pili. Bibi wa kaya ya tano, ambaye magoti yake ni mabovu kuliko ya Jembe, alishika mkono wa jirani yake, akavuka mmoja mmoja, yote kumi na miwili. Wamekunja nyuso, hawatutazami, hakuna aliyewaambia kitu, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga ua.

Mama Pacha alikuwa wa mwisho. Kwenye mstari wa saba kulikuwa na shina moja limelazwa na buti. Akasimama hapo. Akainama, akaliinua, akalishindilia udongo shinani kwa vidole viwili, akangoja aone kama litasimama. Likasimama. Ndipo akamtazama Jembe kwa mara ya kwanza tangu niseme.

"Shemeji, mistari hii umeibananisha mno."

"Mbegu zilikuwa nyingi," Jembe akasema.

"Hata kama."

Akajipangusa mikono kwenye nguo, akapita mbele yangu bila neno, akaingia kwenye nyasi kufuata wenzake. Nilibaki pale na makaratasi yangu, machozi yananitoka bila kificho, na mume wangu pembeni yangu hajui aweke wapi mikono yake. Upande wa pili tepu ikavutwa. Tukasikia hatua za Buti zinazunguka ndani ya nyasi za jirani yetu, muda mrefu, mrefu kuliko kaya zote, au mimi ndiye niliyeona hivyo.

"Ya kumi," akasema, "salama."

Kisha sauti ya Mama Pacha, nzito, ikaja juu ya nyasi:

"Katibu, umeandika?"

Nikatia alama kwenye jina lake, nikaikoleza mara mbili.

"Nimeandika," nikamjibu.